Sura ya Tano: Mlima Usioonekana

Asubuhi tatu mfululizo nilishuka Ipogolo kabla ya jua kuchomoza, na asubuhi zote tatu nikarudi mjini na picha ileile. Mkimbiaji anakuja usoni kwangu, mdomo wazi, macho yamelegea, barabara nyuma yake. Nikibadilisha mkimbiaji, picha haibadiliki. Kwa siku hizo tatu nilipiga zaidi ya picha mia nne, na jioni ya siku ya tatu, nilipokaa kuzipitia moja baada ya nyingine, kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba mlima haumo. Watu wale walikuwa wanapanda mlima ambao bajaji huupanda kwa kuunguruma, dereva ameinama mbele kana kwamba anasaidia kusukuma. Kwenye picha zangu walionekana kama wanakimbia kwenye kiwanja cha ndege.

Msafiri wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya anaifahamu Ipogolo kupitia dirishani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita chini, bondeni, inavuka mto Ruaha Mdogo, na mji wa Iringa wenyewe umekaa juu ya kilima. Basi likisimama, wachuuzi wanakuja na mboga, matunda na mahindi ya kuchoma. Anayekwenda mjini anashuka hapo na kupanda. Hicho ndicho kinachowavutia wanaofanya mazoezi: ukiiacha barabara kuu, mlima unaanza papo hapo, haukupi nafasi ya kujifikiria. Na juu kule mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata hewa yenyewe hugawiwa kwa kipimo.

Wanaopanda ni wa kila aina. Wapo vijana wa riadha wenye saa mkononi. Wapo wachezaji wa mpira walioagizwa na mwalimu wao waongeze pumzi. Jumamosi huja vikundi vya jogingi, vinapanda kwa mchakamchaka, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia, na mkanyago wa miguu yao unausikia kabla hujaona mtu. Mpiga picha anayeshindwa kupata picha mahali kama hapo hana haki ya kulaumu mahali. Nilijua tatizo liko kwangu, ila sikujua liko wapi.

Siku ya nne kamera niliiacha chumbani. Nilivaa raba, nikashuka, nikawasalimia kwa "kamwene" kama wanavyosalimiana wenyewe, nikaomba kupanda nao. Sikufika nao hata nusu ya njia. Lakini miguu yangu ilijifunza mambo ambayo macho yangu hayakuyaona siku tatu: kwamba mwanzo wa mlima unadanganya, unajiona una nguvu, kwamba kuna kona ambayo ukiimaliza unadhani umefika, kumbe barabara ndiyo kwanza inajiinua, kwamba hapo kwenye kona mazungumzo yote hukatika, hata kwa wale waliokuwa wakitaniana tangu darajani. Mahali mazungumzo yanapokatika ndipo mpiga picha anapotakiwa kusimama. Mimi nilikuwa nimesimama mita mia tatu chini yake, kwa sababu pale chini palikuwa na mwanga mzuri na mahali pa kuegesha pikipiki.

Vijana wa kazi yetu wana neno lao: engo. "Nimepata engo," atakwambia, na mara nyingi maana yake ni kwamba amelala chini au amepanda juu ya ukuta. Sina ugomvi na kulala chini; nitafika huko. Lakini engo inayotafutwa kwa kuzungukazunguka huku hujui mtu anafanya nini hutoa picha ya ajabu inayochosha kwa siku mbili. Iten, kule Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, imepigwa picha na dunia nzima: barabara nyekundu, vumbi, kundi la wakimbiaji alfajiri. Picha hiyo ilikuwa mpya kwa aliyeipiga wa kwanza. Leo kila kijana mwenye kamera anajaribu kuipiga tena popote alipo, na nimewaona wapiga picha wakiitafuta Iten hapahapa Iringa, wanasubiri vumbi kwenye barabara ya lami.

Kwanza, basi, niliurudia ule mlima uliopotea, nikataka kujua ulipotelea wapi.

Ulipotelea kwenye lenzi. Nilikuwa nimesimama juu, nikiwapiga wakiwa wanakuja, kwa lenzi ndefu inayovuta vitu vya mbali. Lenzi ya namna hiyo huubana umbali. Mtu aliye mita hamsini na aliye mita themanini wanaonekana wamegusana mabega, na barabara iliyo kati yao inakunjwa kama kitambaa. Mwinuko ambao miguu inaulipia kwa jasho unageuka pazia la kijivu nyuma ya kichwa. Tena jicho la binadamu lina tabia yake: bila kufikiri, mkono unaipindisha kamera kidogo mpaka barabara ionekane imelala sawa. Nilikuwa nausawazisha mlima kwa mikono yangu mwenyewe.

Dawa yake niliipata ubavuni mwa barabara, kwenye ukuta wa uzio uliojengwa kwa matofali ya kuchoma na haukupigwa plasta. Fundi aliyeujenga alipanga matofali yake kwa pima maji, kila mstari umelala sawasawa. Barabara inapita mbele ya ukuta ule kwa mshazari. Nikavuka upande wa pili, nikaweka lenzi fupi, nikanyoosha kamera mpaka mistari ya matofali ikawa sambamba na ukingo wa picha, nikangoja. Kijana wa kwanza alipoingia upande wa kushoto, kiwiko chake kilikuwa kwenye mstari wa kumi wa matofali. Alipotoka upande wa kulia, kiwiko hichohicho kilikuwa kwenye mstari wa kumi na sita. Mistari sita, kwa hatua zisizozidi kumi. Mlima ukaonekana, na ulionekana kwa sababu fundi ambaye sikuwahi kumwona aliipenda kazi yake.

Tangu siku hiyo, kila ninapopiga mtu anayepanda, natafuta kwanza kitu kilichosimamishwa wima au kulazwa sawa na mkono wa mtu: nguzo ya umeme, fremu ya dirisha, kibao cha duka, ngazi. Mwinuko haujionyeshi wenyewe, unahitaji shahidi.

Mwanga wa Ipogolo unataka mtu anayeamka. Tuko nyuzi nane hivi kusini mwa ikweta, na huku jua halitembei kwa kuzunguka upeo kama linavyofanya Ulaya, ambako mwanga wa dhahabu unaweza kukungoja mpaka umalize chai. Huku linapanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mwezi wa Julai linachomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Saa moja baadaye kivuli cha mtu ni kirefu mara nne ya urefu wake; baada ya saa mbili ni mara mbili tu, na mwanga umekuwa mweupe na mkali. Mwishoni mwa mwaka jua linawahi, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Kwa hiyo mpiga picha wa mazoezi ana takriban saa moja ya kazi halisi, na asiyefika gizani ameikosa.

Lakini mwanga ninaoupenda zaidi pale si wa jua. Kwenye miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, ukungu hukaa bondeni kando ya mto, na malori yaendayo Tunduma hupita yakiwa yamewasha taa. Taa hizo zikimpiga mkimbiaji kutoka nyuma, pumzi yake inaonekana kama moshi, na kila tone la jasho kwenye shingo linachorwa mstari wa mwanga. Inadumu sekunde mbili au tatu, lori limeshapita. Simama mbali na lami, upande ambao dereva anakuona, na kamwe usimwombe mkimbiaji asogee barabarani kwa ajili ya picha yako. Hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu.

Ukungu una mtego mmoja, na ningependa kila kijana wa Kiafrika anayeshika kamera auelewe vizuri. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote ulioingia na kujaribu kuufanya uwe wa kijivu cha wastani. Mbele ya ukungu mweupe inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Halafu watu husema "mweusi hapigiki vizuri asubuhi". Si kweli, na maneno hayo yana historia. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, kwa jina la mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Filamu zilipokuja kuboreshwa ili zione rangi za giza kwa undani, malalamiko ya watu waliotaka kutangaza chokoleti na samani za mbao yalichangia. Nyuso zetu zilikuwa zinangoja foleni moja na makabati. Kwa hiyo ongeza mwanga kwa mkono wako: kipimo kimoja kamili, wakati mwingine kimoja na nusu, na uache ukungu uungue uwe mweupe kabisa. Mtu ndiye habari.

Sasa nirudi kwenye ile kona.

Mwalimu wa vijana wa riadha alikuwa anasimama hapo kila siku na saa yake ya kupimia muda. Nilimwomba nisimame karibu naye, akakubali kwa kichwa tu. Nilichokiona ni kwamba hakuwa anawatazama usoni. Walipomfikia, aliwaangalia kwa nukta moja, na walipompita ndipo macho yake yalipokaza. Nikamuuliza kwa nini anawatazama migongo.

"Usoni wananidanganya," akasema. "Kila mmoja akiniona anakaza uso. Bega halijui kudanganya."

Akanionyesha. Mtu akianza kuchoka, mabega yanapanda kuelekea masikioni. Mikono, badala ya kwenda mbele na nyuma, inaanza kukata kifua, inavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mwili mzima unayumba kuifuata. Viganja vilivyokuwa vimelegea vinafungwa ngumi; wengine hufungia kidole gumba ndani. Kisigino kinaanza kugonga chini kwa nguvu. Yote hayo hutokea kabla uso haujakubali kushindwa. "Yule wa fulana ya bluu," akaniambia kijana akiwa bado anakimbia kwa mwendo mzuri tu, "hafiki juu leo." Hakufika. Alisimama mita hamsini mbele, mikono kiunoni.

Hapo nikapata engo ambayo sikuitafuta: nyuma. Wapiga picha wa michezo tumefundishwa kwamba mgongo ni picha iliyoharibika, kwamba uso ukikosekana umekosa. Kwenye mashindano huenda ni sahihi, kwa sababu pale uso ndio unaobeba ushindi na machozi. Mazoezini mgongo ndio unaofanya kazi. Nilipiga asubuhi nzima nikiwa nyuma ya mwalimu, kwa usawa wa macho yake, nikifuata alichokuwa anakifuata yeye. Picha niliyoichagua inaonyesha msichana mmoja kuanzia kiunoni kwenda juu. Bega la kushoto limepanda juu kuliko la kulia kwa vidole vitatu. Jasho limechora mstari katikati ya fulana, na mkono wa kushoto umefungwa ngumi, kidole gumba hakionekani. Uso haumo, na hakuna aliyeiangalia picha hiyo akaniuliza huyu anafanya nini.

Tangu hapo, nikifika kwenye mazoezi ya mchezo wowote, swali langu la kwanza ni: kocha anatazama wapi? Kocha wa makipa anatazama nyayo kabla mpira haujapigwa, aone kama kipa amesimama na uzito mbele au kisiginoni. Kocha wa ngumi anatazama mguu wa nyuma. Mpira na ngumi wanavitazama watazamaji. Ukielekeza kamera kwenye kitu anachokiona mwenye ujuzi, unakuwa umetoka kwenye kundi la watazamaji bila kupanda juu ya mti.

Nilisema nitafika kwenye kulala chini. Nililala chini kwa ajili ya kiatu kimoja. Kilikuwa raba ya kijana mmoja, ya rangi ambayo zamani ilikuwa ya machungwa. Soli ilishabanduka, fundi viatu akaishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka mbele yote, mishono mikubwa kama ya gunia, na juu ya kidole kidogo palikuwa na kiraka cha mpira wa tairi. Kiatu kile nilitaka kionekane kikiwa kazini.

Hesabu yake ni hii. Mtu anayepanda kwa mwendo wa mita nne kwa sekunde, ukimpiga kwa kasi ya moja ya elfu ya sekunde, anasogea milimita nne tu wakati lenzi iko wazi. Kila kitu kinaganda, hadi vijiwe vinavyoruka. Ni picha safi, lakini mtu anaonekana kama sanamu. Ukipunguza kasi mpaka moja ya kumi na tano, mwili wake unasogea zaidi ya sentimita ishirini na sita na unageuka ukungu. Hata hivyo kuna kiungo kimoja ambacho hakisogei. Mkimbiaji anapokanyaga, wayo wake unasimama pale chini kwa takriban moja ya tano ya sekunde huku mwili mzima ukipita juu yake. Kwa muda huo mfupi mguu umesimama kweli, kama nguzo. Kwa hiyo ukiweka kamera chini kabisa, imetulia juu ya mfuko wa mchanga, ukafungua lenzi kwa moja ya kumi na tano wakati mguu umetua, utapata kiatu kimechoreka uzi kwa uzi, na juu yake mtu mzima amekuwa upepo.

Ilinichukua asubuhi mbili na picha nyingi za kutupa. Mguu ukiwahi au ukichelewa kidogo, kiatu nacho kinafutika. Nilipoipata, nilihesabu mishono ya fundi: kumi na moja upande wa nje. Unaona soli imejibinya upande wa kidole gumba, changarawe mbili zimebanwa chini yake, na mlima wote umesimama juu ya kile kiraka cha tairi. Sijapiga picha ya mazoezi inayonipa raha kuliko hiyo.

Mwaka 1878, kule Palo Alto, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera kumi na mbili kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi farasi anapopita, ili kujua kama kuna wakati miguu yote minne inaachana na ardhi. Upo, na ni wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. Si wakati imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakiichora kwa karne nyingi. Wapiga picha wa michezo ni wajukuu wake, na bado tunakimbilia ile nukta ya kupaa, miguu yote hewani. Inapendeza. Lakini mazoezi ni kazi ya kukanyaga, na kwenye mlima hakuna anayepaa.

Juu mjini, Uwanja wa Samora una somo lake. Hapo ndipo nyumbani kwa Lipuli, Wanapaluhengo, timu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019 na kufungwa bao 1–0 na Azam kule Lindi, kisha mwaka uliofuata ikashuka daraja. Picha za fainali zipo. Kinachokosekana kwenye kumbukumbu za soka letu, kwa Lipuli na kwa karibu kila timu ya mkoani, ni picha za Jumanne na Jumatano: foleni nyuma ya koni, mchezaji wa akiba anayekusanya mipira, kipa wa tatu ambaye hucheza mazoezini tu na hupigiwa mashuti mengi kuliko kipa wa kwanza. Ukifika kwenye mazoezi ya mpira, uache mpira uende. Tazama foleni. Mchezaji anayengoja zamu yake hupiga danadana mbili, hufunga kamba za njumu zilizokwisha kufungwa, humsikiliza mwenzake anayefokewa huku anajifanya hasikii. Weka kamera usawa wa magoti, nyuma ya foleni, na utaona timu yote kwa migongo na nyavu mbele yao kwa mbali. Hapo ndipo anapoishi mchezaji kwa sehemu kubwa ya wiki.

Mbeya, kwenye Uwanja wa Sokoine, kishawishi ni Mlima Loleza. Umesimama nyuma ya mji kwa fahari, na kila mgeni anauweka nyuma ya mchezaji kama kalenda. Uweke mara moja, utoe hamu, kisha ugeuke upande wa pili.

Kuna ujasiri wa aina moja ambao vijana wengi hawapewi, nao ni wa kutulia mahali pamoja. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na iliyotenganisha dhahabu na fedha ni kamera ya mstari wa mwisho: tofauti ya sekunde 0.03. Kwa mwendo wa watu wanaokata roho kuelekea mstari, hiyo ni kama sentimita ishirini, urefu wa kiganja kilichonyooshwa. Kamera ile haizunguki kutafuta engo. Inatazama ufito mmoja mwembamba wa ardhi, wala haitazami kingine, na kila anayepita hapo inamchora. Nchi nzima ilishangilia kwa kilichoonwa na kamera isiyosogea.

Nilijaribu jambo kama hilo kwenye kona ya Ipogolo. Nilichagua mita mbili za barabara, kutoka kwenye ufa wa lami mpaka kwenye kivuli cha nguzo, nikasema leo sipigi kitu nje ya hapo. Saa ya kwanza nilipata wakimbiaji tu. Baadaye nikapata mama mwenye ndoo ya nyanya kichwani anayepanda kwa mwendo ambao kijana wa jogingi nyuma yake alishindwa kuupita, na wote wawili, kwenye fremu moja, wana bega la kushoto lililopanda. Kama ningekuwa nakimbizana na wakimbiaji, mama yule ningempisha apite ili asiniharibie picha.

Na katika mita zile mbili wa mwisho naye hupita. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote ya lenzi na kasi. Kundi la mbele likishapita, wapiga picha hufunga mikoba. Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, uwanja wa Mexico City ulikuwa umebaki na watu wachache wakati John Stephen Akhwari, Mtanzania kutoka Mbulu, alipoingia na bandeji mguuni, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni ya Olimpiki. Alikuwa wa 57. Walioondoka na kamera zao mapema walikuwa na picha ya mshindi, na walibaki na hiyo. Waliongoja ndio waliotuachia picha ambayo leo Tanzania nzima inaijua.

Mazoezini kila siku kuna Akhwari, na mara nyingi hana hata bandeji ya kuonyesha. Pale Ipogolo wa mwisho alikuwa mwanafunzi mnene kidogo, mgeni wa kundi, ambaye wenzake walikuwa wanashuka ilhali yeye bado anapanda. Walipokutana, wale wanaoshuka walinyoosha viganja, mmoja mmoja, akavigonga vyote bila kusimama. Nilikuwa na kamera mkononi na sikupiga. Sikuwa nimemwomba, na mtoto anayehangaika mbele ya watu hahitaji mgeni amwongezee aibu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria, picha ya mtu ilikuwa ya mtu. Nilimwomba yeye, nikamwomba mwalimu wake, naye mwalimu akawauliza wazazi. Ruhusa ilichukua siku tano. Siku ya sita nilikuwa kwenye kona, kamera chini, ukuta wa matofali pembeni, na vile viganja vilivyonyooshwa vikaja tena vyenyewe, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kila siku.

Picha ile niliichapisha kwenye karatasi nzuri, nakala mbili. Moja ninayo. Ya pili nilimpelekea darajani asubuhi, akaitazama kwa muda, akaifungia ndani ya sweta lake, akaanza kupanda.

Nawe ukipiga mtu mazoezini, chapisha moja, umpelekee.